Maisha ya Sheikh Izzuddin bin Abdissalam: Dua ya Mwanachuoni na Dhahabu ya Maamiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika miaka hii yetu haupiti muda mrefu ila twamsikia imamu akiinua mikono katika rakaa ya mwisho, akiwaombea watu waliopatwa na vita, nasi nyuma yake twaitikia amin. Jambo hili ni sunna, wala si uzushi. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi twaijua kunuti ya alfajiri, na wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba msiba ukiwashukia Waislamu, kunuti husomwa katika sala zote tano. Asili yake ni kitendo cha Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe. Katika mwaka wa 4 wa Hijra, masahaba kama sabini, wasomi wa Qurani, waliuawa kwa khiyana penye Kisima cha Mauna, naye akakaa mwezi mzima akiomba katika sala zake juu ya wale waliowaua.

Hata hivyo, katika darsa yetu twaulizwa mara kwa mara, na khasa na vijana, dua hii yawafaa nini watu walio mbali, ambao nyumba zao zavunjwa na watoto wao walala njaa. Na wako wengine wasiouliza lolote. Hao huitikia amin, wakavaa viatu vyao, wakafungua maduka yao, na wakaona deni lao limekwisha lipwa. Sisi twaona makundi haya mawili yote yamekosea. La kwanza limeipunguzia dua cheo chake, na la pili limeigeuza kuwa udhuru. Badala ya kuleta hoja nyingi, tumeona kheri tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyeishi katika zama za vita tangu utoto wake hata kufa kwake, akaijua dua na akaijua thamani yake. Mtu huyo ni Sheikh Izzuddin Abdulaziz bin Abdissalam, ambaye wanavyuoni wamempa jina la Sultani wa Maulamaa.

Sheikh Izzuddin alizaliwa katika mji wa Dimishki, nchi ya Sham, mwaka wa 577 au 578 wa Hijra, yaani 1181 au 1182. Alikuwa mtoto mdogo Salahuddin alipoirudisha Baitul-Mukaddas mikononi mwa Waislamu mwaka wa 1187. Na alikuwa mtu mzima mwaka wa 1229, mji huo huo ulipotolewa na Sultani al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, kumpa mfalme wa Mafaranji kwa mapatano, pasipo upanga kufutwa. Hivyo yeye aliona kwa macho yake jinsi mambo yanavyoweza kupatikana kwa jihadi na subira, kisha yakapotea kwa ugomvi wa jamaa wa nyumba moja.

Hakuzaliwa katika nyumba ya mali wala ya ilimu. Wazee wake walikuwa mafakiri, naye alianza kusoma akiwa amekwisha kuwa mkubwa, jambo linalopasa kuwaliwaza wale miongoni mwetu wanaoona haya kukaa katika darsa na watoto. Imepokewa kwamba alikuwa akilala katika pembe ya msikiti mkuu wa Dimishki, na usiku mmoja wa baridi kali alipatwa na janaba, akashuka katika birika lenye maji baridi mno ili apate kuoga, akarudi kulala. Likamtokea tena, akashuka tena, hata akazimia kwa baridi. Katika hali ile akasikia kama anaulizwa achague ilimu au amali, naye akachagua ilimu, kwa kuwa ndiyo iongozayo kwenye amali. Kulipokucha alikishika kitabu cha Tanbih, ambacho ni cha fikihi ya Shafi, akakihifadhi kwa muda mchache. Tazameni mwanzo wa mtu huyu. Hakuwa na kitu ila hima ya kusimama mbele ya Mola wake akiwa tohara, hata kama maji ni ya barafu.

Alisoma fikihi kwa Sheikh Fakhruddin bin Asakir, na misingi ya fikihi kwa Sheikh Saifuddin al-Amidi, na hadithi kwa masheikh wengine wa mji wake, hata akawa ndiye marejeo ya watu katika fatwa. Lakini ilimu yake haikukaa kitabuni peke yake. Katika siku zake za Dimishki ilitokea dhiki kubwa, bei za mashamba zikaanguka, na mashamba ya matunda yakawa yauzwa kwa thamani ndogo. Mkewe alikuwa na pambo lake la dhahabu. Akampa mumewe, akamtaka aliuze, awanunulie bustani ya kupumzikia siku za joto. Sheikh akaliuza, na fedha zote akazitoa sadaka. Mkewe alipomwuliza kama amenunua bustani, alimjibu kwamba amenunua, nayo iko Peponi, kwani aliwakuta watu katika shida kubwa. Yule bibi hakukasirika, bali alimwombea Mungu amlipe kheri. Nasi twasema, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi huyo pamoja na mumewe, maana pambo lile lilikuwa lake, na wengi husimulia kisa hiki wakamsahau.

Wakati huo Sham na Misri zilikuwa chini ya jamaa ya Salahuddin, nao walikuwa wakipigana wao kwa wao, kila mmoja akiutamani mji wa nduguye. Upande wa mashariki Watatari walikuwa wamekwisha kuivamia miji ya Waislamu ya Bukhara na Samarkand, na khabari za mauaji yao zilikuwa zikifika Sham pamoja na wakimbizi. Mtawala wa Dimishki, al-Ashraf Musa, alikuwa kwanza amekhitalifiana na Sheikh katika mambo ya itikadi, akamkataza kutoa fatwa. Baadaye alirejea akamheshimu, na alipokuwa mgonjwa, ugonjwa aliofia mwaka wa 1237, alimwita ili amuusie. Wakati huo al-Ashraf alikuwa ameelekeza jeshi lake kumpiga ndugu yake al-Kamil wa Misri. Sheikh akamnasihi aligeuze jeshi lile, aache kukata udugu, na nia yake aielekeze kuwakabili maadui wa Waislamu. Tena akamnasihi aondoe ulevi na kodi za dhulma katika mji. Mtawala akakubali, akataka kumpa Sheikh dinari 1,000. Sheikh akazikataa, kwa kuwa kikao kile alikikaa kwa ajili ya Mungu, naye hakutaka kukichanganya na kitu cha dunia.

Mwaka wa 637 wa Hijra Sheikh alifanywa khatibu wa msikiti mkuu wa Dimishki. Alipopanda mimbari aliacha mambo ambayo makhatibu walikuwa wameyazoea pasipo dalili. Aliacha kuvaa nguo nyeusi za fakhari, aliacha kugonga mimbari kwa upanga, na aliacha khutba za vina zilizotungwa ili watu wastaajabie ufasaha wa khatibu. Pia aliizuia sala iitwayo Raghaib, ambayo watu walikuwa wakiisali rakaa kumi na mbili usiku wa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, na sala ya nusu ya Shaabani. Baadhi ya wanavyuoni wakubwa wa zama zake, naye Sheikh Ibn as-Salah ni mmoja wao, waliitetea sala ile, na Sheikh Izzuddin akaandika kuwajibu. Baada yao alikuja Imamu Nawawi, mwenye kitabu cha Minhaji kisomwacho katika vyuo vyetu vya pwani, naye pia alisema kwamba sala hiyo ni uzushi. Twayataja haya kwa sababu wako wadhanio kwamba mtu mwenye kukataza bidaa ni mtu wa ugomvi wa maneno tu, wala hana habari na msiba wa umma. Huyu alizuia bidaa, na huyu huyu ndiye aliyesimama siku ya shida, kama mtakavyoona.

Al-Ashraf alipokufa, Dimishki iliishia mikononi mwa ndugu yake, as-Salih Ismail. Huyu alimwogopa mtoto wa nduguye, as-Salih Ayyub wa Misri. Mwaka wa 638 wa Hijra, yaani 1240, alifanya mapatano na Mafaranji wa pwani ya Sham ili wamsaidie. Bei yake ilikuwa ni ngome za Waislamu, nazo ni Safad na Shakif pamoja na nyinginezo. Tena aliwapa rukhsa waingie Dimishki wanunue silaha. Wafanyabiashara wa silaha wa mji ule walikuwa Waislamu, na baadhi yao mioyo yao ilitingishika. Wakamwendea Sheikh, wakamwuliza kama biashara ile ni halali kwao. Akawaambia kwamba ni haramu, kwa kuwa wajua hakika kwamba silaha zile zanunuliwa ili wapigwe nazo ndugu zao Waislamu.

Ndugu zetu, ifikirini fatwa hii. Sheikh hakuwaambia wafanyabiashara wale kwamba wauze, kisha faida waitoe sadaka, wala hakuwaambia wauze, kisha wawaombee Mungu watakaouawa. Aliwakataza kuuza. Mtu hawezi kuwaombea wanyonge kwa ulimi, na kwa mkono akawapimia mizani wanaowaua.

Kisha ikafika Ijumaa. Ilikuwa desturi khatibu kumtaja mtawala kwa jina na kumwombea, na kutajwa huko ndiko kulikuwa alama ya utawala. Sheikh alipanda mimbari, akakhutubu, na ilipofika mahali pa dua hakumtaja Ismail. Mahali pake aliuombea umma, akamtaka Mwenyezi Mungu awathibitishie Waislamu jambo la uwongofu ambalo ndani yake wanaomtii Mungu watatukuzwa, na maadui wake watadhalilishwa, na mema yataamrishwa na maovu yatakatazwa. Msikiti wote ukaitikia amin. Dua ile ilikuwa ya maneno machache, lakini aliyeiomba alijua itamgharimu nini.

Ismail hakuwapo mjini siku ile. Khabari ilipomfikia aliamrisha Sheikh auzuliwe na afungwe, na pamoja naye akafungwa Sheikh Ibn al-Hajib wa madhehebu ya Maliki, aliyemwunga mkono. Hapa pana fundisho jingine, kwamba tofauti ya madhehebu haikuwazuia watu wawili wale kuingia kifungo kimoja kwa ajili ya haki moja. Baadaye walifunguliwa, lakini Sheikh alizuiwa asitoe khutba wala fatwa, na mwaka wa 639 akashika njia ya Misri, akiwa na umri wa miaka sitini.

Hata njiani hakuachwa. Ismail alimtuma mtu mmoja wa karibu naye, akamwendea Sheikh kwa upole, akamwambia kwamba vyeo vyake vyote atarudishiwa, nalo sharti ni moja tu, aubusu mkono wa Sultani. Sheikh akamjibu kwamba yeye haridhii hata huyo Sultani aubusu mkono wake, sembuse yeye kuubusu wa Sultani. Basi akatiwa katika hema karibu na hema ya Ismail, naye akawa akisoma Qurani. Ismail akawaonyesha wafalme wa Mafaranji, akajifakhirisha kwao kwamba amemfunga mwanachuoni mkubwa wa Waislamu kwa ajili yao. Wale Mafaranji wakamwambia kwamba kama huyu angalikuwa kasisi wao, wangalimwosha miguu na kuyanywa yale maji. Ilikuwa ni aibu kubwa kwa mfalme Mwislamu kufundishwa cheo cha mwanachuoni wake na maadui zake. Hazikupita siku nyingi jeshi la Misri likamshinda Ismail na wenziwe, na Sheikh akatoka akaendelea na safari yake.

Misri alipokewa kwa heshima. As-Salih Ayyub alimfanya khatibu wa msikiti wa Amr bin al-As na kadhi. Mtu mwingine angalisema kwamba sasa amepata mahali pa kupumzika, anyamaze. Yeye hakunyamaza. Alichunguza akaona kwamba baadhi ya maamiri wa Kituruki, ambao ndio waliokuwa wakiamrisha jeshi, walinunuliwa kwa mali ya Baitul-Mali, na haikuthibiti kwamba waliachwa huru. Basi kwa sharia ni watumwa, ni mali ya Waislamu, na kuuza kwao na kununua kwao na kuoa kwao hakusihi. Mmoja wao alikuwa ni naibu wa Sultani mwenyewe. Sheikh akahukumu kwamba ni lazima waitwe mnadani, wauzwe, thamani yao irudi Baitul-Mali, kisha waachwe huru kwa njia ya sharia.

Sultani akakasirika, akasema kwamba jambo hili halimhusu. Sheikh hakubishana naye. Alikodi punda, akapakia vyombo vyake, akawapandisha jamaa zake, yeye akafuata nyuma, akatoka Kairo kurudi Sham. Hakufika mbali ila watu wa mji wakamfuata, wanavyuoni na watu wema na wafanyabiashara, wanaume kwa wanawake. Sultani akaambiwa kwamba huyu akienda, ufalme wake umekwenda. Akampanda farasi wake, akamfuata, akamridhisha. Na naibu wa Sultani alifika mlangoni kwa Sheikh na upanga wazi mkononi ili amwue. Sheikh akamtokea bila khofu, na imepokewa kwamba mkono wa yule naibu ulilegea, upanga ukaanguka, akalia, akaomba aombewe dua. Maamiri wakanadiwa mmoja mmoja kwa bei ya juu, na fedha zao Sheikh akazitumia katika njia za kheri.

Baadaye waziri mmoja alijenga nyumba ya kupigia ngoma juu ya sakafu ya msikiti. Sheikh akaivunja, akajiuzulu ukadhi kwa khiyari yake, na akashika kazi ya kusomesha fikihi ya Shafi katika madrasa ya Salihiya. Katika vitabu vyake mashuhuri ni Kawaid al-Ahkam, ambacho ndani yake amebainisha kwamba sharia yote imekuja kuwaletea watu maslaha na kuwaondolea madhara, na kijitabu kidogo juu ya makusudio ya sala. Wala hakuona haya kurudi nyuma katika kosa. Siku moja alitoa fatwa, kisha ikambainikia kwamba amekosea, akaamrisha itangazwe mjini kwamba aliyepewa fatwa ile asiifuate.

Mwaka wa 1249 Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa, alishuka Dimyati kwa merikebu nyingi, na mwaka wa 1250 vita vikawa vikali penye mji wa Mansura. Sheikh alikuwa amepita miaka sitini na mitano, lakini alitoka pamoja na jeshi. Wapokezi wamesimulia kwamba Mafaranji walipokaribia kushinda, na upepo ukawa mkali, Sheikh aliuashiria upepo akaomba kwa sauti kubwa uwapate maadui, na upepo ukavunja merikebu zao. Mwaka ule Mafaranji walishindwa, na mfalme wao akashikwa mateka. Kisa hiki cha upepo watu hukipenda sana, na hukisimulia kwa furaha katika mabaraza. Nasi hatukatai karama za mawalii. Lakini twataka kusema kwamba mwenye kukisimulia kisa cha upepo, na asisimulie kisa cha dhahabu tutakachokitaja sasa, amechukua nusu ya Sheikh na nusu iliyo nyepesi.

Mwaka wa 656 wa Hijra, yaani 1258, Watatari waliingia Baghdad, wakamwua Khalifa, na wakaua watu kwa maelfu na maelfu. Mapema mwaka wa 1260 waliuteka mji wa Halab kwa mauaji makubwa, kisha Dimishki ikaanguka, mji aliozaliwa Sheikh wetu. Wakimbizi wakamiminika Misri. Hapakuwa tena na jeshi la Waislamu upande ule ila la Misri, na mwenye kuliongoza alikuwa ni Kutuz. Hazina haikutosha kwa vita. Wakakusanywa wanavyuoni na maamiri, likaulizwa suala la kuchukua mali za wafanyabiashara na raia ili jeshi lipate kutengenezwa.

Ndugu zetu, suala lile lilikuwa gumu. Adui yuko njiani, na kila mtu ana khofu. Lau mwanachuoni yeyote angalisema chukueni, hapana ambaye angalimlaumu. Sheikh Izzuddin alikuwa na umri wa karibu miaka themanini. Alijibu kwamba adui akivamia nchi ya Waislamu ni wajibu wa wote kumpiga, na yajuzu kuchukua kwa raia cha kuisaidia jihadi, lakini kwa sharti. Sharti ni kwamba Baitul-Mali kusiwe na kitu kilichobakia, na maamiri kwanza wauze walivyonavyo vya fakhari, mishipi ya dhahabu na vyombo vya thamani, hata kila askari abakie na farasi wake na silaha yake, wawe sawa na watu wa kawaida. Ama kuchukua mali ya raia, na katika majumba ya wakubwa dhahabu iko, hilo halifai. Imepokewa kwamba Sultani na maamiri walivileta walivyokuwa navyo mbele ya Sheikh, na wakafuata amri yake.

Jeshi likatoka katika mwezi wa Ramadhani. Tarehe 25 Ramadhani 658, ambayo ni Septemba 3, 1260, lilikutana na Watatari mahali paitwapo Ain Jalut, katika ardhi ya Palestina. Watatari wakavunjika, jemadari wao Kitbuka akauawa, na Dimishki ikarudi kwa Waislamu. Wengi walikuwa wakidhani kwamba watu hawa hawashindiki.

Kutuz hakurudi Kairo, kwani njiani aliuawa na maamiri wenziwe, na ufalme ukashikwa na Baibars. Walipoitwa watu kumpa baia, Sheikh alikataa kwanza, akamwambia kwamba anamjua kuwa ni mtumwa wa mtu mwingine. Hakumpa baia mpaka walipoletwa mashahidi kwamba amekwisha kuachwa huru. Ushindi wa Ain Jalut, ambao Baibars alishiriki, haukuwa hoja ya kuipita sharia.

Sheikh alifariki Kairo katika mwezi wa Jumada al-Ula mwaka wa 660 wa Hijra, yaani 1262, na akazikwa katika makaburi ya Karafa. Alipokuwa mgonjwa, Baibars alimpelekea ujumbe kwamba vyeo vyake apewe amtakaye miongoni mwa watoto wake. Akajibu kwamba hapana mtoto wake afaaye, akamtaja mwanachuoni mwingine. Na jeneza lake lilipopita chini ya ngome, Baibars alipouona wingi wa watu alikiri kwamba sasa ndipo ufalme wake ulipotulia, maana huyu lau angaliwaambia watu wamtokee, wangalimnyang'anya.

Haya ndiyo maisha ya Sheikh Izzuddin kwa ufupi. Tukirudi sasa kwenye suala tulilolianza, twaona majibu yamo katika maisha yake.

Wenye kuuliza dua yafaa nini, watazame kwamba mtu huyu hakuidharau dua hata siku moja. Aliomba juu ya mimbari, aliomba vitani, na aliombwa dua na mtu aliyekuja kumwua. Dua ni ibada, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Waislamu katika kupendana na kuhurumiana ni kama mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumwa mwili wote hukesha kwa homa. Mwenye kuwasahau walio vitani katika sijida yake, huyo kiungo chake kimekufa ganzi. Lakini dua iwe kama tulivyofundishwa, katika kunuti na katika sijida na usiku wa manane, pasipo kuzua sala ambazo Mtume hakuzisali, kwani wakati wa msiba ndipo wazushi hupata wasikilizaji wengi.

Ama wale watosheka na amin, watazame kwamba kila dua ya Sheikh ilikuwa na sehemu yake ya kulipa. Alipouombea umma mimbarini alilipa kwa cheo chake na kifungo chake. Alipowaonea huruma wenye dhiki alilipa kwa bustani ambayo nyumba yake ilikuwa ikiitamani. Na alipoulizwa juu ya vita alianza na dhahabu ya wakubwa kabla ya kugusa senti ya mnyonge.

Hapa yatupasa tuseme kweli juu yetu sisi wenyewe. Twakusanya michango kwa ajili ya waliopatwa na vita, na hilo ni jambo zuri. Lakini je, twaanzia wapi? Sisi tuliwahi kupitisha kofia msikitini baada ya sala, tukahesabu, tukaona kwamba mchukuzi wa bandarini na mvuvi wametoa cha siku yao nzima, na baadhi ya wenye maghala na majumba ya kupangisha wametoa kile ambacho hawatakikumbuka kesho. Wala sisi wa darsa hatujitoi katika lawama hiyo, maana siku ile tulishughulika na kuhimiza wengine, na katika mifuko yetu hatukutia mkono ila mwisho. Kwa fatwa ya Sheikh Izzuddin, tulianza kinyume. Kofia ianze kwa masheikh na wanakamati na matajiri, na watoe mbele ya macho ya watu, kisha ndipo ifike kwa mchukuzi, naye atatoa kwa moyo mkunjufu.

Na mfanyabiashara ajiulize suala walilouliza wauza silaha wa Dimishki, kwamba faida hii ninayoipata, je, iko njia yoyote inawadhuru wale niwaombeao? Wale walikuwa wauza panga, lakini walikuwa na uchamungu wa kutosha kuuliza. Isije ikawa sisi tusiouza panga tumewashinda kwa kutouliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Izzuddin bin Abdissalam na bibi yake aliyetoa pambo lake, awafariji wote walio katika vita na hofu na njaa, awarudishe wakimbizi makwao, awazuie madhalimu na dhulma zao, na azifanye amin zetu ziwe za kweli mikononi mwetu kama zilivyo midomoni mwetu. Amin.